Doa Jeupe Kwenye Kona ya Karatasi

Chuoni, tarehe 3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umesimama jikoni unameza chai haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Sisi hatujambo. Macho ya Mama ni yale yale: mlango anauona, kitasa hakioni. Anakusalimu sana, na ameniamuru niandike neno lake kama alivyolitamka: "Mwulize kaka yangu, mguu wake wa kushoto una nini? Alipokuja Desemba hatua zake hazikuwa sawa." Nikamwambia, Mama, wewe huoni. Akanijibu, "Ndiyo maana nasikia." Basi swali hilo ni lake, nami nimelifikisha.

Langu ni la kazi. Nimepewa darasa la wasaidizi wa maabara, wanafunzi thelathini na wanne, wengine wamenizidi umri. Mmoja alikuwa mkunga kabla hajarudi shule, na wenzake wanamwita Mkunga hadi leo. Chumba chetu kina meza sita ndefu, mabomba mawili ya maji ambayo moja hukohoa tu, na kasha la joto la kuoteshea bakteria ambalo mlango wake tunauegemeza kiti ili ufunge.

Mwezi Aprili wana mtihani wa vitendo: kupima kama bakteria wana kile kimeng'enya kinachoharibu penisilini. Nimefuata daftari lako la zamani, lile la kupaka wanga na penisilini kwenye karatasi, kisha ayodini. Nilichemsha wanga vizuri, nikatia penisilini ungali unatoa mvuke ili iyeyuke sawasawa, nikachovya karatasi, nikaanika. Nikimwaga ayodini, karatasi inakuwa nyeusi, halafu inafifia yote na kubaki nyeupe. Yote, Mjomba! Hata kwa bakteria ambao tunajua kabisa hawana kimeng'enya hicho. Wanafunzi wamefurahi, wanadhani wamegundua kwamba bakteria wote duniani ni sugu. Mimi nimeshika tama.

Ningekupigia simu, lakini najua yako bado umeifungia kabatini.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 19 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imefika baada ya siku kumi na moja, na bahasha ina alama ya kikombe cha chai. Sijui ni chai yako au ya posta. Mwambie dada yangu salamu zake zimefika, na kwamba masikio yake yangefaa kuajiriwa.

Huku ni kimya. Nyumba ikiwa na mtu mmoja unajifunza sauti zake zote: bati linapopata jua, jokofu linapoanza na kunyamaza. Jirani yangu fundi viatu bado ana kibanda chake mbele ya ukuta wangu, na kila asubuhi tunabishana kupitia dirishani. Juzi amenitengenezea kiatu cha kushoto kwa kukikata upande ili kipate hewa. Nimemwambia amekiharibu. Akasema, "Mzee, kiatu hakijaharibika, kimestaafu kama wewe."

Tuje kwenye kazi. Nitaeleza taratibu, maana haraka ndiyo iliyokuponza.

Penisilini ina pete ndogo katikati yake, pete ya pembe nne, iliyokunjwa kwa kubanwa kama utepe wa chuma uliofungwa kwa nguvu. Uwezo wake wote umo katika pete hiyo. Bakteria sugu hutengeneza kimeng'enya ambacho kazi yake ni moja tu: kuikata. Pete ikishakatwa, dawa ni kama ufunguo uliong'olewa meno. Unaingia kwenye kitasa, haufungui kitu.

Sasa tazama ujanja wa wazee waliobuni kipimo hiki. Dawa iliyokatwa pete hupata tabia mpya: huidaka ayodini. Nawe unajua kwamba ayodini ikikutana na wanga hutoa rangi nyeusi inayokaribia buluu. Basi unaweka wanga na dawa kwenye karatasi moja, unapaka bakteria wako, unasubiri nusu saa, unamwaga ayodini. Karatasi yote inakuwa nyeusi. Mahali ambapo dawa ni nzima, weusi unabaki. Mahali ambapo kimeng'enya kimekata pete, ayodini inadakwa, na unaona doa jeupe likifunguka taratibu kama jicho. Huoni kimeng'enya, unaona kazi yake. Mambo mengi tunayajua kwa njia hiyo.

Katika karatasi zako, pete zilikatwa na nani? Si bakteria, mwanangu. Ni wewe. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulitia penisilini wanga ungali unatoa mvuke. Pete ile haistahimili moto. Ulishaiua dawa kabla bakteria hajanawa mikono. Acha wanga upoe hadi uweze kuweka kiganja chako chini ya chombo na kukiacha hapo bila kulalamika. Ndipo utie.

Na usipime kitu kamwe bila mashahidi wawili: shahidi wa ndiyo, ambaye unajua ana kimeng'enya, na shahidi wa hapana, ambaye unajua hana. Shahidi wako wa hapana alipokuja na doa jeupe, alikuwa anakupigia kelele. Hongera kwa kumsikia. Wengi humwambia anyamaze.

Mjomba wako.


Chuoni, tarehe 4 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka mpaka Mama akauliza kuna nini, nikamsomea yote. Nilipofika kwenye masikio yake alitabasamu, kisha akauliza, "Na mguu?" Nikarudia kusoma kutoka mwanzo. Hakuna mguu, Mjomba. Kuna kiatu tu.

Penisilini yetu imekwisha. Kile kichupa nilichokiunguza kilikuwa cha mwisho, na ghala la chuo linasema kingine kitaletwa muhula ujao. Mtihani ni tarehe 7 Aprili. Nikikosa karatasi, wanafunzi thelathini na wanne watajibu swali la vitendo kwa kuchora picha, na mkuu wa idara amekwisha kunitazama kwa jicho la "si nilisema." Una wazo lolote?

Nakuwazia ukiwa peke yako na lile jokofu. Hapa nami ninao watu wengi, lakini wakishaondoka saa kumi, chumba kinabaki na harufu ya spiriti na viti vilivyopinduliwa juu ya meza, na sina wa kumwambia kwamba leo somo lilikwenda vizuri.

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 20 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Fungua bahasha hii kwa utulivu, usiitikise. Ndani kuna karatasi arobaini.

Penisilini ninayo. Nina vichupa kadhaa kwenye jokofu, usiniulize vya nini. Wanga nilichemsha juzi, nikauacha upoe, nikaweka kiganja changu chini ya chombo kama nilivyokuagiza, na nikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilichovya moja moja na kuzianika kwenye kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye kiti cha marehemu mke wangu. Kiti kile hakijafanya kazi miaka miwili. Nadhani kilifurahi.

Kila moja nimeiandika nambari kwa penseli kwenye kona, kuanzia moja hadi arobaini, kwa mpangilio niliozianika. Unajua tabia yangu. Kitu kisicho na nambari hakikutokea. Nilipofika thelathini na moja nilipumzika, nikaosha vyombo vya mchana kwa sabuni, nikarudi kumalizia. Kazi iliyokuwa ya saa moja imenichukua siku nzima, kwa sababu siku hizi nafanya nikiwa nimeketi. Lakini nilikuwa nazungumza na hao wanafunzi wako wakati wote. Nilimweleza Mkunga kuhusu pete. Alikuwa na maswali mazuri.

Zishike kwa koleo, si kwa vidole. Hili nalisisitiza. Mimi mwenyewe safari hii nimetumia vidole, kwa kuwa koleo langu lina kazi nyingine, lakini fuata maneno yangu, usifuate matendo yangu.

Dada yangu mwambie kiatu kimenibana, basi. Mtu akizeeka miguu hukua, kama masikio.

Fundi viatu amekataa kukikata tena. Amesema, "Mzee, pamebaki soli tu. Nikikata tena utakuwa unavaa kamba."

Mjomba wako.


Chuoni, tarehe 9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mtihani umefanyika. Nianze na shukrani: karatasi zako zimefanya kazi. Shahidi wa ndiyo alifungua jicho lake jeupe kabla ya dakika tano, shahidi wa hapana akabaki mweusi tii. Mkuu wa idara alipita, akatazama, akasema "Hm," ambayo kwake ni hotuba.

Mama yuko salama. Sikumsomea barua hii, na utaona kwa nini.

Wanafunzi walikuwa wakikusanya kazi zao pale Mkunga aliponiita. "Mwalimu, mbona karatasi yangu ina doa la pili? Hapa kwenye kona. Mimi sikupaka kitu hapa."

Nikamwambia labda ayodini haikufika.

"Imefika. Palikuwa peusi, nimeona kwa macho yangu, kisha pakafunguka."

Jirani yake akasema naye analo. Na wa nyuma yake pia. Nikaamuru wote wazilete mezani, tukazipanga kwa nambari zako za penseli. Mjomba, kutoka moja hadi thelathini na moja, kila karatasi ina doa jeupe kwenye kona ile ile, ukubwa ule ule, umbo la yai. Ya thelathini na mbili haina. Ya thelathini na tatu na ya thelathini na nne hazina pia. Sita za mwisho hatukuzitumia.

Darasa zima liliinama juu ya meza. Mkunga akaweka kidole gumba chake juu ya doa moja, kikakaa karibu kamili. "Hiki ni kidole," akasema. "Gumba. Mkono wa kulia. Cha mtu mwenye mkono mkubwa kuliko wangu."

Mmoja akamtania, "Mama wa watu, umekuwa mpelelezi lini?"

"Miaka kumi na tisa nimekuwa nikishikwa mikono na watu wenye uchungu. Vidole navijua." Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Mwalimu, nani alizianika?"

"Mjomba wangu."

"Ana kidonda. Ama ana kidonda, ama anauguza mwenye kidonda, na hanawi vizuri akitoka kukifunga. Anaishi na nani?"

Nikasema, "Peke yake."

 Wanafunzi walikusanya vitu vyao, na mmoja akanisaidia kupindua viti.

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hatuoni kimeng'enya, tunaona kazi yake. Nimeona kazi yake mara thelathini na moja. Unatembea ukichechemea tangu Desemba. Kiatu kimekatwa upande. Kazi unaifanya umeketi. Koleo lina kazi nyingine, na vichupa vya penisilini nisiulize vya nini. Nauliza sasa. Ni vya nini?

Mpwa wako.


Nyumbani, tarehe 24 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Nimefurahi mtihani umekwenda vizuri. Mpe Mkunga salamu zangu. Ana jicho la kazi.

Kuhusu doa la kona, yapo maelezo mepesi zaidi. Jasho la binadamu lina chumvi na asidi kidogo, na ngozi ina mafuta. Vitu hivi vinaweza kuingilia rangi ya wanga. Mtafiti mzuri huanza na maelezo mepesi kabla hajaruka kwenye mazito. Nilianika siku ya joto, vidole vilikuwa na jasho. Ndiyo hayo tu.

Mvua imenyesha. Fundi viatu amehamishia kibanda chake upande wa pili wa barabara, kwa hiyo hatubishani tena kwa urahisi.

Mjomba wako.


Chuoni, tarehe 8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi. Sijawahi kupata barua yako fupi. Nimeigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki.

Umesema jasho na mafuta. Sawa, ni wazo, na wazo hupimwa. Nilibaki na karatasi sita safi, nambari thelathini na tano hadi arobaini. Nne nilizilowesha kidogo kama zilivyokuwa mikononi mwako. Mwanafunzi mmoja nilimtuma azunguke uwanja mara tatu, akarudi anatiririka jasho, akabonyeza gumba lake kwenye ya kwanza. Wa pili alijipaka mafuta ya nywele, akabonyeza. Mkunga alinawa kwa sabuni, akabonyeza. Hao walikuwa mashahidi wangu wa hapana. Kwenye ya nne mimi nilipaka bakteria wa shahidi wa ndiyo kwa kijiti, kwenye kona, kwa umbo la gumba. Nikaziacha zikauke, na kesho yake nikamwaga ayodini.

Jasho: nyeusi. Mafuta: nyeusi. Sabuni: nyeusi. Ya nne ilifunguka nyeupe, Mjomba, ikawa sawasawa na zako. Ukiiweka kati ya hizo huwezi kuitofautisha.

Uliosha vyombo kwa sabuni baada ya thelathini na moja. Ndiyo maana ya thelathini na mbili ni safi. Uliniandikia mwenyewe.

Wewe ulisema shahidi akipiga kelele, wengi humwambia anyamaze. Sikuwahi kudhani utakuwa mmoja wao.

Siwezi kuja kabla ya likizo ya Julai, ni safari ya siku mbili na Mama hawezi kubaki peke yake. Kwa hiyo sina cha kukufanya isipokuwa kuandika. Mama nimemwambia. Hakulia. Amesema, "Alipokuwa mtoto alikanyaga msumari, akaniambia ni mwiba. Alisema hivyo mpaka mguu ukavimba kama boga, naye ndiye aliyekuwa mkubwa, mimi nikapigwa kwa kutosema." Amesema safari hii anasema.

Nenda hospitali. Usinieleze kitu. Nenda.

Mpwa wako.


Wodini, tarehe 11 Juni

Mpwa wangu, marahaba. Marahaba ya dada yangu pia.

Samahani kwa mwandiko. Naandika nimelala, na ubao niliopewa ni wa kuandikia joto la wagonjwa.

Nitaeleza taratibu, kama kawaida, ila safari hii mimi ndiye mfano.

Mwezi Novemba kiatu kipya kilinichuna kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko punje ya maharage. Nikakipuuza. Desemba kilikuwa kinatoa maji. Januari, usaha. Nikapata vichupa vya penisilini kwa mtu niliyefanya naye kazi zamani, nikawa navunja kimoja kila siku mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda, kama walivyofanya watu kabla mimi sijazaliwa. Mimi, niliyewafundisha watu miaka thelathini kwamba dawa haimwagwi ovyo. Koleo lilikuwa la kubandulia kitambaa.

Unajua kilichotokea, maana unakifundisha. Walio dhaifu walikufa, wenye kimeng'enya wakabaki, wakapata nafasi na chakula. Nilikuwa na kasha la joto kwenye mguu wangu mwenyewe. Nilikuwa nawachagua wabaya kwa mkono wangu na kuwalea.

Barua yako ya tarehe 8 ilifika tarehe 20. Niliisoma mara moja tu. Nilikuwa nimebakiza kipande cha karatasi cha majaribio, kisicho na nambari. Nikapaka usaha wa kidonda, nikasubiri nusu saa, nikamwaga ayodini. Kitabu kinasema subiri dakika tano. Sikufika sitini katika kuhesabu, doa jeupe likafunguka. Nikakaa nikiitazama. Mpwa wangu, nilikuwa na karatasi, nilikuwa na ayodini, nilikuwa na kidonda, vyote katika chumba kimoja kwa miezi, na sikuwahi kuvikutanisha. Mganga hajigangi, lakini hata kujitazama?

Umeniambia nisieleze, lakini nadhani una haki ya kujua kwa nini. Marehemu mke wangu aliingia kwenye jengo hili hili kwa miguu yake, amebeba mkoba wake mwenyewe. Siku ya tisa simu ikalia. Ndiyo ile simu niliyoifungia kabatini. Nilijiambia kwamba nikiingia mlango huu nitakuwa nimekubali kitu. Tena mtu anayeishi peke yake huzoea kuwa mgonjwa, muuguzi na daktari kwa pamoja, na watatu hao hukubaliana upesi sana. Hakuna shahidi wa hapana katika nyumba ya mtu mmoja.

Nilimwita fundi viatu kutoka ng'ambo ya barabara. Ilibidi nimwite mara nne. Alipoona mguu hakufanya utani. Alinibeba hadi kwenye gari, na njiani akasema tu, "Mzee, mimi ni fundi wa viatu, si wa miguu. Ungesema."

Wamenikuta na sukari pia, ambayo sikuijua, na ndiyo iliyozuia kidonda kupona. Vidole viwili vya mwisho vimekatwa. Daktari, binti mdogo kama wewe, amesema wiki mbili zaidi na ungekuwa mguu mzima, na nyingine mbili usingekuwa na wa kumwandikia. Wanatumia dawa nyingine sasa, ambayo kimeng'enya kile hakiiwezi. Walipima kwanza ndipo wakachagua. Niliwauliza kama waliweka mashahidi wawili. Wakacheka, lakini wakanionyesha.

Wodi ina vitanda kumi na viwili na sauti nyingi. Sijalala mahali penye pumzi za watu wengine kwa miaka miwili.

Mjomba wako.


Nyumbani, tarehe 6 Julai

Mpwa wangu,

Nimerudi juzi. Kidonda kimefunga, ngozi yake ni ya waridi kama ya mtoto. Simu nimeitoa kabatini. Haina chaji na sikumbuki waya uko wapi, lakini imetoka.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi moja. Nambari yake ni arobaini na moja. Nimeianika bila koleo, makusudi, kwa gumba lile lile la kulia, nikiwa nimetoka kufunga mguu na kunawa kama ipasavyo. Ipime. Nataka jibu kutoka kwa mtu mwingine.

Mjomba wako.


Chuoni, tarehe 18 Julai

Mjomba, shikamoo.

Sikungoja kufika nyumbani. Niliifungua maabara wanafunzi wakiwa wameshaondoka, nikaiweka karatasi ya arobaini na moja kwenye sahani, pembeni nikaweka mashahidi wawili kwenye zile mbili nilizobakiza. Baada ya nusu saa nikamwaga ayodini. Nikahesabu hadi sitini, kisha hadi mia tatu, kisha nikavuta kiti nikakaa nusu saa nzima.

Shahidi wa ndiyo alifunguka. Shahidi wa hapana alibaki mweusi. Yako ni nyeusi, Mjomba, kona hadi kona. Nimeizungusha kwenye mwanga kila upande. Hakuna doa.

Nilipaswa kuruka kwa furaha, na nilifurahi. Lakini nikakumbuka kwamba nilikuwa nimehifadhi ile ya kwanza, nambari moja, katikati ya daftari lako. Nikaitoa ili niziweke pamoja. Unajua ayodini haikai, hupanda hewani ikaenda zake. Weusi wote ulikuwa umeondoka, na kidole chako pamoja nao. Kwa hiyo sasa nina karatasi mbili zako, moja nyeupe tupu na moja nyeusi tupu. Nimekutafuta kwenye zote mbili, na wewe humo.

Basi ndiyo hivyo. Likizo inaanza mwisho wa mwezi, na tumekata tiketi, mimi na Mama. Tutafika Jumapili ya kwanza ya Agosti, mchana. Amenikataza kukuambia uje kituoni. Amesema ubaki ndani. Tukifika atasimama nje ya mlango, nami nisiseme neno, nisibishe hodi. Atabisha mwenyewe, na wewe utoke chumba cha ndani kabisa utembee hadi kwake, polepole, bila kujikaza. Anataka kusikiliza.

Mpwa wako.